Laini Moja kwa Wanawake Kumi na Tisa

Siku hiyo naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Bungoma kutafuta maisha Kampala, nina kibanda cha simu Bugolobi, na domo langu lilikuwa kubwa kuliko kibanda chenyewe.

Wateja wangu wengi walikuwa wake za askari wa kambi ya kule juu Mbuya. Waume zao walikuwa wamepelekwa nchi ya mbali kulinda amani, na njia nyepesi ya kuandikiana nao ilikuwa ule ukurasa wa bure mtandaoni, wenye jina lako na picha yako. Kampuni yenye ukurasa ilitaka namba ya simu. Wengi walitumia simu za kuazima, leo ya shemeji, kesho ya jirani. Basi nikawafungulia wote kwa laini yangu mimi, wanawake kumi na tisa, na neno la siri nikaweka moja ili nisisahau. Nilijiona mjanja kweli.

Baadaye kampuni nyingine ya simu ikaleta vifurushi rahisi, nikahamia huko. Laini ya kwanza niliitupa mahali nikaisahau. Sikujua kwamba laini ikilala miezi kadhaa, namba yake huuzwa kwa mtu mwingine, na mwenye namba ndiye hutumiwa tarakimu za kufungulia ukurasa.

Akello ndiye aliyekuja kwanza, mama mpole wa Gulu mwenye watoto wawili. Kwa wiki mbili ukurasa wake ulikuwa umekataa kufunguka. Asubuhi hiyo mumewe alipata dakika chache za kumpigia, akamuuliza kwa nini anapenda sana habari za kambi siku hizi, hata siku ya kutoka aliyomwandikia haimtoshi. Simu ikakatika kabla hajamjibu.

"Dada Nekesa," aliniambia, "kuna mtu anaongea na bwana yangu kwa jina yangu. Amemuuliza watatoka kambi siku gani. Na bwana amemwambia."

Niliogopa, mwanangu. Nilihisi papo hapo kwamba ile laini niliyoitupa iko mikononi mwa mtu, lakini nilimwambia ni mtandao tu unasumbua. Alipoondoka niliiandikia kampuni ya ukurasa. Jibu likaja: kama kweli wewe ni Akello, andika tarakimu tulizotuma kwenye namba yako. Namba ile ile! Nikaandika tena, likarudi jibu lile lile neno kwa neno, nikafahamu hakuna binadamu anayenisoma. Kampuni hiyo haikuwa na mlango wa kubisha Kampala nzima. Kwao Akello ni yule mwenye laini, na huyu aliyelia kibandani kwangu hawakumjua.

Nilinyamaza siku mbili. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilikuwa naficha yangu huku kifo kikimnyemelea mume wa mwenzangu. Siku ya tatu akaja mzee Okot, baba mkwe wa Akello, sajenti mstaafu aliyekaa Ntinda. Aliketi kwenye benchi langu akaniuliza kwa upole laini iliyofungulia ukurasa wa Akello ni ya nani. Nikamwambia yote, nikaongeza kwamba nilifanya kwa wema, na ukurasa ulikuwa wa bure.

"Binti," akasema, "kitu ya bure iko na mwenyewe. Ulipeana jina ya mtoto yangu kwa mtu hujui, na sasa unanyamaza. Simama, twende Mbuya, uwaambie wakubwa vile umeniambia mimi."

Tukafika geti la kambi. Mimi mgeni, na hadithi ya siri za askari mdomoni. Niliona kabisa nitafungwa. Nikasema hata hivyo. Waliandika, wakapeleka ujumbe kwa wenzao kule mbali, wakaturudisha nyumbani. Siku nne sikula. Nilipomwona Akello njiani nilibadili njia.

Siku ya tano mumewe alipiga simu. Safari yao ilikuwa imebadilishwa siku, nao walikuwa wamefika salama. Yule mtu alitaka nini, sijui mpaka leo. Wale wengine kumi na wanane niliwafuata mlango kwa mlango kuomba msamaha. Mmoja alinizaba kofi, nikamwambia asante.

Akello tulimzika miaka kadhaa iliyopita, maradhi tu. Ukurasa wake hatukuweza kuufuta. Mwezi uliopita kampuni ya ukurasa iliniletea picha yake akicheka, ikaniuliza kama ninamfahamu mtu huyu. Niliiweka simu mezani nikatoka nje.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Jina lako lifungue kwa namba yako, na neno la siri asilijue hata mchumba. Ukiacha laini, iondoe kwanza kila mahali ulipoiandika. Kazi zako na namba za watu wako ziwe mahali pako mwenyewe, hata daftarini, maana nguo ya kuazima haisitiri matako. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama unatetemeka. Mungu akutunzie jina lako, na popote litakapoitwa, uwe wewe unayeitika.