Alipotoka Arobaini

Juzi, kwenye benchi la kituo cha afya huko Mtoni, nilikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akihema kama aliyepanda ngazi, naye hajainuka. Mama yake mzazi akimpepea kwa ncha ya kanga.

Daktari akaja, akauliza kama mgonjwa aliwahi kupata presha kwenye uzazi.

“Ilimpanda, hata kifafa cha mimba kikamshika,” akajibu bibi aliyekuwa akimpepea. “Lakini alipotoka arobaini tukasoma maulidi, maradhi yakapita.”

“Baada ya hapo alipimwa tena?”

“Apimwe nini, daktari, na mtoto keshazaliwa?”

“Presha ile hurudi, bibi, ikauchosha moyo kimyakimya.”

Kanga ikasita hewani.

Mzazi akitoka arobaini tunamfukiza udi, tunakula biriani. Moyo wake hakuna anayeuliza kama nao umetoka salama.