Somo Alilolificha Hiram

Mwaka 2008, Hiram Wahome alifundisha kuchapa barua katika chuo kidogo cha kompyuta pale Noonkopir, juu ya duka la chakula cha mifugo. Roho yake, hata hivyo, ilikuwa kwenye michezo ya video. Kwa miaka mitatu alijifunza peke yake, kutoka kwa diski aliyopewa na binamu yake, kuvuta, kubonyeza na kulainisha donge la kijivu kwenye skrini mpaka lipate miguu na uso wa mnyama. Wanafunzi walipomaliza masomo yao walisimama nyuma ya kiti chake kutazama. Alizoea kusifiwa.

Kisha akaja Istar, binti wa mzee Jeylani, mfanyabiashara wa ng'ombe. Tangu utotoni alimfuata babake mnadani Kajiado, akiwapapasa ng'ombe mgongo na mbavu kabla ya bei kutajwa. Alikuja kujifunza kuchapa, lakini siku ya pili alimwona Hiram akichonga swara, akavuta kiti.

"Mwalimu, hiyo naweza kujifunza?"

"Ni ngumu."

"Sijauliza kama ni ngumu."

Hiram akamfundisha. Wiki ya kwanza alifurahi. Wiki ya pili Istar alichonga kichwa cha ndama kwa siku moja tu, na waliokuwa wakisimama nyuma ya kiti cha Hiram wakahamia nyuma ya kiti chake.

"Eeh, huyu ndama anaangalia mtu!" mmoja akasema.

Hiram alijifanya anatafuta waya chini ya meza.

Mwezi huo kampuni moja ya Nairobi iliyotengeneza michezo ya simu ilitangaza kazi. Kila mwombaji atume mnyama mmoja. Hiram aliamua kutuma swara, Istar akaanza kuchonga fahali.

Ndani ya programu ile kulikuwa na amri ya kioo: ukichonga upande wa kushoto, wa kulia unafuata wenyewe. Kila mchongaji aliitumia. Istar hakuijua.

"Mwalimu, mnafanya aje huu upande mwingine ufanane na huu?"

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Hiram. Akalimeza.

"Kwa macho na subira," akasema.

Kwa wiki tatu alimwona akisogeza nukta moja moja, akiukanda mkono. Kila Istar alipokaribia meza yake, Hiram alifunga swara wake haraka. Usiku hakulala vizuri, lakini asubuhi hakusema.

Jibu la kampuni lilikuja kwa barua pepe, na kazi akapewa Istar. Walikuwa wamempenda fahali aliyeegemea mguu mmoja, nyonga moja chini kidogo, pembe moja imepinda zaidi kuliko nyingine. Swara wa Hiram, walisema, ni msafi, lakini hana uhai. Hiram alitoka nje, akashika reli ya ngazi, akatazama magunia yakipakiwa. Hakurudi ndani kumpa Istar hongera.

Siku mbili baadaye alimwita, akamwonyesha ile amri. Istar aliijaribu mara moja, upande wa pili ukafuata wenyewe.

"Ulijua hii siku nilikuuliza?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza kwa nini?"

"Nilikuonea wivu, Istar."

"Wiki tatu, mwalimu! Mkono ulikuwa unafura mpaka mamangu ananikanda na maji moto."

"Nisamehe."

Istar alichukua mkoba wake. Mlangoni akageuka. "Ningekuwa na hiyo kioo, ng'ombe yangu ingekuwa kama swara yako." Hakusema ili kumfariji. Akashuka ngazi bila kuaga.

Mwaka uliofuata Hiram alifungua darasa la kuchonga, wanafunzi sita, na hakuwaficha kitu. Wivu haukumtoka. Jina la Istar likitajwa, bado alijifanya anatafuta waya chini ya meza. Na walipomuuliza kama ni kweli ndiye aliyemfundisha, alijibu bila kuwatazama:

"Kidogo. Mengine alijifundisha mwenyewe."