Keki za Mama, Matonge ya Shosho

Juzi, shule zikiwa zimefungwa, binti yangu aliniletea simu jikoni hapa kwetu Nakuru akitaka nione video. Kulikuwa na mwanamke wa ng'ambo, kucha ndefu nyekundu, anararua karatasi za keki ndogo za duka, anazivuruga kwenye bakuli, anaviringisha vitufe, anavichovya kwa chokoleti, kisha anavitia kwenye friji. Hakuna oveni, hakuna moto. "Mum, si tutengeneze hii ya Krismasi? Haipikwi hata!" Nikacheka. Nikamwambia hayo ni matonge, na mimi nimeyala tangu nikiwa sina meno ya mbele. Akauliza, "Kwani nani alikuwa anakutengenezea?" Nikajibu bila kufikiria, "Shosho wangu wa Kabazi. Zilikuwa keki za shosho."

Mama yangu alikuwa ameketi papo hapo kwenye stuli, anatoa minji kwenye maganda. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Eeh, shosho yako alijua kutengeneza." Sasa wewe rafiki yangu, kama umewahi kusema neno ukatamani ulikamate kabla halijamfikia mtu, basi unanielewa. Jibu hilo nimelitoa maisha yangu yote, na nusu yake ni uongo. Hebu kaa nikueleze.

Mimi nililelewa na shosho, mamake mama, huko Kabazi kwenye kashamba ka kahawa, mahindi na ng'ombe wa maziwa. Baba simjui, na hayo tuyaache. Mama alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la maua kando ya ziwa Naivasha, akikaa Karagita kwenye chumba kimoja cha kukodi. Kabazi watu walimwita "yule wa maua." Alikuwa akija Pasaka akipewa ruhusa, na Krismasi hata asipopewa vizuri. Kwangu mimi alikuwa mgeni mzuri. Nilimfurahia vile mtoto anavyofurahia mgeni, yaani nilitazama mkono kwanza, uso baadaye.

Desemba ya Kabazi, wacha nikwambie, ilikuwa na kelele yake. Mahindi yalikuwa yamevunwa, na sisi watoto, mimi na watoto wa mjomba, tulikaa kwenye turubai tukipukuchua mpaka vidole gumba vinatoka malengelenge. Shosho alipita nyuma yetu akisema, "Mkono ukichoka, badilisha mkono." Redio ilikuwa inaimba dirishani, kuku wanaiba mahindi, na asubuhi kuna baridi ile ya kukufanya uote moto mgongo kwanza ndiyo ugeuke. Jioni tulikamua. Sikukuu ilipokaribia tulifurahi sana kwa sababu gari la deri, lile la kukusanya maziwa ya kuuza, halikuja siku ya Krismasi, kwa hivyo maziwa yote yalibaki nyumbani, na shosho aliyachemsha kwa sufuria kubwa, akakusanya ule utando wa juu kwenye bakuli ya bati. Ole wako uguse hiyo bakuli.

Keki ya kuoka hatukuwa nayo. Kulikuwa na akina mama kijijini waliojua kuoka kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Shosho alijaribu mara moja. Chini ikaungua, juu ikabaki uji, na mke wa mjomba alicheka mpaka mwaka mpya. Shosho akaapa, "Mimi na keki ya moto tumeachana." Na alikuwa mtu wa kushika kiapo.

Kwa hivyo keki zilitoka kwa mama. Alizinunua kidogo kidogo Naivasha, zile ndogo za njano zilizofungwa kwa nailoni, za kuteremsha na soda, akazipanga chini ya mfuko pamoja na sukari na sabuni. Lakini safari ilikuwa ya kubadilisha magari, Naivasha hadi Nakuru, Nakuru hadi Subukia, na kila mahali mfuko ulitupwa juu ya gari, halafu magunia ya viazi ya watu yakatupwa juu yake. Mama alipofika jioni, akafungua mfuko mbele ya moto, keki zilikuwa unga. Kila mwaka. Alizitazama akafyonza, "Ai, zimepondeka tena!" Uso wake ulianguka, na sisi watoto tulicheka, maana tulijua sasa kazi inaanza. Shosho alinyoosha mkono: "Lete hapa. Iliyovunjika si iliyopotea."

Asubuhi ya Krismasi, kabla ya kanisa, shosho alifunga leso kiunoni na kumwaga yale makombo kwenye sufuria kubwa. Alichambua vipande vya nailoni kimoja kimoja. Akatia ule utando wa maziwa, kijiko cha siagi, na unga wa chokoleti ya kunywa ambao ulifichwa juu ya kabati mwaka mzima. Kisha akakanda polepole, akionja, akiongeza. Sisi tulikaanga njugu, tukazitoa maganda kwa kupuliza, tukazitwanga. Alipaka mafuta viganjani, akaviringisha tonge, akalirusha kwenye njugu, akalizungusha, akaliweka kwenye sinia. Sinia ilipelekwa stoo, mahali pa baridi, ikafunikwa na chekeche kwa sababu ya paka. Tukitoka kanisani matonge yalikuwa yameshika. Ukiuma, njugu inalia kwanza, halafu ndani ni laini na tamu, yana harufu ya maziwa na moshi kidogo. Mimi nimekula keki za harusi zenye ghorofa, na haki ya nani, hakuna iliyofika pale.

Na unajua desturi ya kwetu. Krismasi kila nyumba humtumia jirani sahani ya chakula, na sahani hairudi tupu. Jirani alituletea mukimo, sisi tukarudisha matonge. Mwingine alileta chapati, akarudi na matonge. Basi kijiji kizima kikajua keki za shosho. Wamama walisimama langoni wakisema, "Mama, hizi keki zako utatuua nazo!" Shosho alijibu, "Ni za msichana wangu, ametoa Naivasha," lakini nani alisikiza hiyo? Walicheka wakafikiri ni unyenyekevu. Mama alikuwa nyuma anaosha vyombo.

Sasa, mwaka mmoja, nikiwa darasa la tatu hivi, mama alikuja na jambo. Tulikuwa tumekaa jikoni baada ya chakula, sinia ya matonge katikati, mjomba na mkewe wako, watoto tumejaa sakafuni. Mama akasema, "Mama, nilikuwa nataka niende na huyu shule zikifunguliwa mwezi wa kwanza. Kuna shule karibu na kwangu, nimeongea na mwalimu. Amekuwa mkubwa sasa, anaweza kujikalia nikienda kazi." Alisema haraka haraka, kama mtu aliyejizoeza njiani. Shosho akapangusa mikono. "Mtoto ni wako. Siwezi kukunyima. Lakini yeye si mbuzi wa kufungwa kamba. Muulize."

Mama akachuchumaa mbele yangu. Akashika mkono wangu, na nakumbuka mkono wake ulikuwa na mikwaruzo ya miiba ya waridi, mingine imepona, mingine bado. "Utakuja tukae na mimi?" Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nikamuuliza, "Na huko nani atanitengenezea keki?" Akatabasamu. "Si mimi nitakununulia? Si mimi ndiye huleta?" Nami nikamwangalia, nikamjibu kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake jambo rahisi: "Wewe unaletanga tu makombo. Shosho ndiye hutengeneza keki. Mimi nabaki na shosho."

Watu walicheka, bwana! Mjomba alipiga goti. "Wacha we! Mtoto ameongea!" Mke wa mjomba alicheka akishika mbavu. Hata mama alicheka, ila alichelewa kidogo, wengine wakiwa karibu kumaliza. Shosho peke yake hakucheka. Aliniambia, "Wewe mtoto, hiyo mdomo," kisha akamtazama mama, lakini mama alikuwa tayari amesimama anakusanya vikombe. Aliondoka siku iliyofuata, kabla ya siku ambayo alikuwa amesema ataondoka.

Watu wengine huniambia, ulikuwa mtoto, mtoto hana makosa. Najua. Mimi mwenyewe nina mtoto na ameniambia mabaya kuliko hayo. Lakini kama ningeishia hapo labda ningelala. Shida ni mwaka uliofuata.

Mwaka uliofuata mama alifika amebeba katoni mikononi. Alikataa isiwekwe juu ya gari. Aligombana na makanga wa gari huko Nakuru, akailipia kiti kama mtu, mwisho akaipakata mwenyewe mpaka Kabazi. Mabega yalimuuma hata akashindwa kuinua kikombe cha chai. Akaifungua mbele ya moto, akaanza kuzitoa moja moja, akizisimamisha kwenye sinia ya shosho, kila moja kwenye nailoni yake, hakuna hata iliyobonyea. "Leo ni nzima," akasema. Alikuwa ananiangalia mimi. Na mimi, unajua nilisema nini? Nilisema, "Sasa matonge yatatengenezwa na nini?"

Shosho akaingilia kati haraka. "Mwaka huu tunakula keki nzima. Mama yako amezibeba kwa magoti." Nikaanza kulia. Si kulia kwa machozi tu, kulia kwa kujitupa chini, kwa sababu Krismasi yangu ilikuwa imeharibiwa na keki nzima. Watoto wa mjomba nao wakanuna. Mama alitazama ile sinia kwa muda. Kisha akachukua keki ya kwanza, akararua nailoni, akaipondaponda kwa kiganja juu ya sufuria. Akachukua ya pili. Shosho akasema, "Wachana naye, atanyamaza." Mama hakuacha. Alizimaliza zote, akapangusa mikono kwenye sketi, akaisukuma sufuria upande wa shosho. "Si hizi sasa. Wacha kulia." Na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza mara moja nikakimbia kutafuta njugu.

Hakuniuliza tena. Hiyo Krismasi wala nyingine yoyote, hakuniuliza kama nitaenda tukae. Karo ililetwa, viatu vililetwa, na keki ziliendelea kuletwa, zimepondeka kama zamani, kwenye mfuko juu ya gari. Nilikulia kwa shosho mpaka sekondari. Wanasema mchumia juani hulia kivulini. Mama alichumia juani ndani ya yale mahema ya plastiki ya maua, na kivulini tukakaa sisi wengine. Shosho alipofariki, nilichaguliwa niseme kwa niaba ya wajukuu. Nikaongea juu ya matonge. Watu wakalia, wakacheka, wakapiga makofi, na mwanamke aliyezinunua zile keki alikuwa kwenye kiti cha mbele, kitambaa kichwani, anaitikia, "Ni kweli, ni kweli."

Mwaka jana mama aliachana na kazi ya maua, vidole vikiwa havikunjiki vizuri tena, nikamwambia aje tukae naye Nakuru. Nilienda Karagita na pikapu ya kukodi kumbebea vitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika. Ndiyo, ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu kila mara, na hakuna aliyeona ajabu. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda huku, jiko kule, pazia katikati. Tulikuwa tunatoa meza jirani yake alipotokea, mama mmoja mnene mcheshi wa mlango wa pili, akaniangalia juu mpaka chini.

"Huyu ndiye yule msichana wako? Wa Kabazi?"

"Ndiye," mama akasema.

"Haiya! Kumbe ndiye wewe!" Akanishika mikono yote miwili, akafurahi kweli kweli. "Watoto wangu wote wamelala kwa godoro yako! Ile ndogo mama yako alikuwa amekununulia ukuje shule. Ilikaa hapo kwa ukuta na nailoni yake mpaka nikamwambia, mama, hii si tutoe hiyo nailoni watoto walale? Ilikuwa godoro poa, hiyo. Asante, eh?"

"Wacha hizo," mama akamkatiza. "Mtoto abebe hiyo sufuria twende, jua linaingia."

Nikabeba sufuria. Nikaiweka kwenye pikapu, na habari ya lile godoro sijaitaja mpaka leo.

Watu wa rika langu tukikutana hulilia vitu tulivyokuwa navyo. Jiko la shosho limeanguka, kahawa iling'olewa ikapandwa nyasi ya ng'ombe, na siku hizi sahani hazitumwi, watu wanatumiana picha za chakula kwa simu. Na mimi hulia nao, maana nilivipenda. Lakini kile ninachokililia nikiwa peke yangu sikuwahi kuwa nacho. Ni kile chumba cha Karagita, ambacho niliingia kwa mara ya kwanza siku ya kukihama.