Alama ya Penseli Ukutani

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, ingawa siku hizi nasahau hata mahali nilipoweka miwani. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Binti yangu wa kwanza, Ngalula, alikuwa amelala kitandani, nami nachambua mboga za lengalenga mlangoni pa nyumba yetu ya matofali, pembeni mwa Kolwezi, jirani na shimo la mgodi. Mchana huo watu wa mgodi walilipua mwamba kama walivyozoea, lakini mtikisiko ulikuja mkubwa kuliko siku zote. Masufuria yalianguka. Nilipokimbilia ndani nikakuta ufa umepasua ukuta, toka dirishani mpaka juu ya kichwa cha mtoto.

Mume wangu Kazadi, fundi wa mashine, alisogeza kitanda, akasema nyumba zote za mtaa zina nyufa. Yeye akaenda kazini. Mimi nikabaki na woga.

Na woga ule haukuwa na saa ya kupumzika. Gari kubwa likipita barabarani, namnyakua mtoto na kukimbilia uani. Mlango ukibamizwa na upepo, nakimbia. Nilimtoa nje mara kumi kwa siku, vumbi na baridi bila kujali, mpaka akapata kikohozi. Sokoni sikwenda tena, kanisani vilevile, maana niliona nikigeuza mgongo tu nyumba itaanguka. Moyo ulidunda, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakatika. Siku moja nilianguka pale bombani, mbele ya wanawake na ndoo zao, nikijua kabisa kwamba nakufa.

Kazadi akanipeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi mzee tuliyemwita Tata Ilunga, yaani Baba Ilunga, alinipima.

"Mama, moyo yako iko muzuri," akasema. "Ni woga njo inakukimbiza. Chukua kaye, daftari tu ya masomo. Asubuhi andika kintu unaogopa itafika leo. Magaribi andika kile kilifika kweli."

"Na nyumba ikianguka, tata?"

"Utaandika ilianguka. Lakini usiandike ilianguka, wakati nyumba ingali inasimama."

Akanifundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninavyoivuta. Akaniambia niweke alama ya penseli pale ufa unapoishia. Kisha nimwachie jirani mtoto, niende bombani tu na kurudi, nikizoea, mpaka dukani, halafu sokoni. Woga ukija nisikimbie. Nisimame hadi upungue wenyewe.

Usidhani ilikuwa rahisi. Mara ya kwanza kumwacha mtoto nilitapika njiani. Daftari lile lilisema asubuhi, "Leo nyumba itaanguka," na jioni, "Haikuanguka. Ngalula alikula uji." Kesho yake vilevile, na wiki zilizofuata vilevile, hata nikaanza kuona haya kulifungua. Woga haukuniacha, ila sauti yake ilishuka. Nilifika sokoni, nikarudi, na ufa ulikuwa palepale kwenye alama.

Ndipo mvua zikaanza. Asubuhi moja nikatazama: ufa umeipita alama kwa vidole viwili. Nilitaka kukimbia uani, kurudi, kukimbia tena, kama zamani. Nikatoa pumzi. Nikaandika, "Ufa umeongezeka. Nimeupima." Nikamfunga mtoto mgongoni, nikavuka soko zima kwa miguu kumwita fundi mwashi. Alipofika aliweka kiganja ukutani, akasukuma kidogo tu. Matofali yakaporomoka pale kitanda kilipokuwa zamani.

Nilirudi kwa Tata Ilunga na hasira kidogo.

"Tata, unaona? Mi nilikuwa na haki ya kuogopa!"

"Siku ile moja, njo vile, mama. Na zile zingine zote mu kaye?"

Miezi yote ile nilikuwa nimekimbia bila hata kuutazama ukuta vizuri. Nilipoanza kuutazama, ndipo nilipojua la kufanya.

Basi, mwanangu, wewe unayeamka kifua kimebana, labda una mtihani, labda ndugu yako ameshuka shimoni na hajarudi, sikuambii usiogope. Baruti ikilia, mpaka leo mkono wangu hutafuta mtoto, na yule mtoto sasa ana watoto wake. Nakuambia uandike woga wako kwa maneno yake, uuulize una ushahidi gani, utoe pumzi, kisha upige hatua moja ndogo uone kitakachotokea. Mara nyingi hakitatokea kitu. Kikitokea, utakuwa umesimama na akili zako. Na ukishindwa peke yako, nenda kwa muuguzi, usione haya. Mimi nilipelekwa nimebebwa.

Mungu akupe pumzi ndefu na macho ya kutazama. Awalinde wote unaowaogopea, na kila jioni uwakute salama. Amina.