Vitambaa Vilivyochovywa Bluu

Paskazia wa Butimba hakuwa mwanamke wa kukaa mikono mitupu. Hata kanisani, padre akirefusha mahubiri, vidole vyake vilikuwa vikifuma hewa juu ya paja. Miaka ile ya dhiki, maduka yalipokuwa na rafu na vumbi tu, alifumua nyuzi za mifuko ya ngano, akazifua, akazisokota, akafuma vitambaa vya makochi ya watu. Vyeupe vyote. Angeitoa wapi rangi nyingine?

Kisha biashara ikafunguliwa. Kiwanda cha nguo alichokuwa akifanyia kazi kikampunguza yeye na wenzake kwa hotuba ndefu na mkono wa kwaheri, na mjini duka la Nurudin likajaa vibonge vya uzi mwembamba wa kila rangi. Paskazia alisimama pale kaunta akavikodolea macho mpaka Nurudin akamuuliza, "Mama, unanunua au unasali?"

Hapo ndipo alipoanza ufundi wake. Alishika nyuzi mbili pamoja kwenye kroshia, ile sindano yenye ndoano. Katikati ya kitambaa zote mbili nyekundu iliyoiva. Akizunguka kidogo, moja nyekundu, moja ya waridi. Akizunguka tena, zote za waridi. Kisha ya waridi na nyeupe. Mpaka ukingoni, nyeupe tupu. Fundo hulioni. Rangi inapungua kama chai inayoongezwa maziwa kidogo kidogo.

Binti yake Bernadeta alipochumbiwa, alimfumia seti nzima: ya makochi, ya meza, ya redio. Msichana mwenyewe ndiye aliyemshikia vibonge. Macho ya Paskazia yaliuma, lakini hakuacha. Binti haingii kwa watu mikono mitupu. Vitambaa vya mama yake ndivyo vinavyomsemea sebuleni.

Harusi ikapita. Mama wa binti hachungulii nyumba ya wakwe mpaka aitwe, naye akangoja. Alipoitwa alivaa kitenge chake cha Pasaka akaenda Nyegezi, alikoolewa Bernadeta. Mama mwenye nyumba alikuwa Mama Ndalahwa, mama wa bwana harusi, muuza mitumba mwenye sauti ya sokoni.

"Karibu mkwe, karibu! Kaa hapa upate hewa."

Paskazia hakukaa. Makochi yote yalikuwa yamevaa bluu. Bluu ya sketi za shule, toka katikati mpaka ukingoni, imekakamaa kwa uji wa muhogo. Aliujua ule ukingo uliofumwa kama magamba ya samaki. Mkono wake ule.

"Umeviona eeh?" Mama Ndalahwa alichangamka. "Nimekuokolea aibu mwenzangu! Vilikuwa vimepauka pembeni kote, vyeupe pee. Nikasema huyu mama wa watu kavianika juani, au kauziwa uzi mbovu. Sikumwambia mtu, mkwe ni mkwe. Nikavitia kwenye sufuria ninayochovyea jinzi zilizochuja. Tazama sasa! Nani atasema si vipya?"

Moto ulimpanda Paskazia toka unyayoni. Matusi aliyokuwa nayo mdomoni yangetosha soko zima. Lakini atamtukana nani? Mwizi ungempigia yowe. Mtu anayekuharibia huku akikuonea huruma utamfanya nini?

Bernadeta akaingia na soda, akapiga magoti. "Shikamoo mama."

Marahaba haikutoka. "Vilipochovywa ulikuwepo?"

Msichana akatazama sakafu. "Nilikuwepo."

"Ukafanya nini?"

"Nilichochea moto."

Hapo hasira ikapata pa kutua.

"Wewe! Uliyenishikia uzi! Unayejua kila mzunguko! Ukapiga magoti ukapuliza moto?"

"Mama, si uliniambia nikifika kwa watu nisijibu?"

"Nilikwambia usijibu matusi. Sikukwambia uwe kuni!"

"Jamani," Mama Ndalahwa aligeuka huku na huku, "kuna nini humu ndani?"

"Mimi simwambii," Paskazia alisema, kidole kikimwelekea binti yake. "Mwambie wewe, hapahapa, kwa mdomo wako. Leo umenyamazia vitambaa. Kesho watakuamulia hata mambo ya mwanao atakayezaliwa, nawe utapuliza moto tu. Sema!"

Bernadeta akamgeukia mama mkwe wake. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo kama ya kifaranga. "Mama, havikuwa vimepauka. Vilifumwa hivyo. Rangi ilishushwa makusudi, uzi kwa uzi."

"Makusudi?"

"Makusudi. Na mimi sikutaka vichovywe."

Mama Ndalahwa akanyakua kitambaa, akakigeuza, akakirudisha. Uso ukamshuka. Kisha na yeye akawaka. "Sasa mimi ni mchawi? Ningekuuma? Nakuuliza umechoka, hapana mama. Nakuuliza umeshiba, ndiyo mama. Kumbe naishi na redio isiyo na betri! Na nini kingine umeninyamazia humu?"

Bernadeta akainua kichwa. "Maharage unazidisha magadi, mama. Yananikata tumbo."

"Magadi yangu?"

"Ndiyo. Na ukinituma sokoni, acha kunifokea mbele ya wateja."

Angecheka mtu mwingine. Paskazia hakucheka. Alianza kuvua vitambaa makochini, kimoja baada ya kingine, akivikunja kwa nguvu kama anayenyonga kuku, akavisukumiza kwenye mkoba wake.

"Mkwe, unafanya nini?"

"Naondoka navyo. Bernadeta ana mikono. Akitaka vingine, anajua nyumbani Butimba ni wapi, aje akae chini afume mwenyewe. Na atakachofuma, mtu asikiguse mpaka amuulize."

"Na makochi yangu yakae uchi? Wageni waseme nini?"

"Yakae," alisema Paskazia, na mlango akaufunga kwa kishindo.