Sponji ya Pikipiki na Ng'ombe wa Bi Mize

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka inanijia na jua lake na vumbi lake. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimesimama katikati ya njia ya mawe ya kwendea Fumba, begi la dawa begani, pikipiki imenizimikia, na huko mbele kuna ng'ombe anausubiri mkono wangu. Lakini ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo utadhani pikipiki ilikuwa mbovu. Haikuwa mbovu hata kidogo. Mbovu nilikuwa mimi.

Nnawaona nyinyi vijana mnavyopita hapa barazani kwangu Mji Mkongwe. Wengine mna vespa, wengine mna zile pikipiki ndefu za tairi za meno, za kwendea mashamba na maweni. Mnaniamkia, nami nnaitikia marahaba huku nnasikiliza ingini. Mnamwona bibi kizee na tasbihi yake, hamjui kwamba mimi nilikuwa daktari wa ng'ombe wa upande wote ule wa kusini. Pikipiki niliipanda na suruali ndani ya baibui, na baibui nimelifunga kiunoni. Watu walicheka mwezi mzima, halafu wakachoka wenyewe.

Pikipiki yenyewe nilipewa kazini, na aliyekuwa akiitengeneza ni Mzee Shaame, Mtumbatu mmoja mwenye gereji yake Ng'ambo. Mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alifungua kifuniko cha ubavuni akanitolea sponji, nene, imelowa oili.

"Bibie," akanambia, "ukipita penye vumbi wewe unajifunika mtandio puani, si ndiyo? Na hii inavuta hewa vilevile. Mtandio wake ndio huu. Uifue kila wiki. Kiangazi, ifue kila ukirudi Fumba."

Wakati ule njia ya Fumba haina lami. Ilikuwa mawe na kifusi cheupe, vumbi laini kama unga wa muhogo, linaingia hata kwenye kope. Wiki mbili za mwanzo niliifua sponji kama nilivyofundishwa. Wiki ya tatu nikaona taabu. Nilikuwa nimeshachumbiwa, mwanangu, napenda mikono yangu inukie udi, si mafuta ya taa. Usinicheke. Na wewe una lako linalokufanya uiache kazi njiani.

Basi sponji ikajaa vumbi, na pikipiki ikaanza kuwa nzito. Nikipanda kilima inakohoa. Siku moja nikasimama, nikafungua kifuniko, nikaikuta sponji imeganda nyeupe kama bokoboko la ngano la jana. Nikaing'oa, nikafunga kifuniko, nikapiga kiki. Wallahi pikipiki iliruka! Ikanguruma, ikapanda kilima kile kama haikioni. Nilicheka peke yangu njia nzima. Nikajiona mimi ndiye fundi, Mzee Shaame hajui kitu. Sponji nikaizungushia gazeti nikaitia kabatini.

Nilipokwenda gereji kubadilisha oili, Mzee Shaame akaniuliza, "Sponji je?"

"Nshaifua, Fundi," nikamwambia.

Akaniamini. Hakufungua kutazama. Mara ya pili akaniuliza tena, na mara ya tatu, nami kila mara nikamjibu lile lile, na kila mara lilitoka kwa wepesi zaidi.

Miezi ikapita. Ekzosi ikaanza kutoa moshi wa buluu. Oili ikawa inakwisha, sijui inakwenda wapi. Nilijua kuna jambo, lakini nitamwambiaje fundi bila ya kumwambia na la sponji? Nikawa naongeza oili nanyamaza.

Ndipo ikaja siku ile. Bi Mize alikuwa mjane wa Fumba, ana ng'ombe mmoja tu, Maua, na maziwa ya Maua yalinywewa na nyumba nne. Jirani yake alikuja mjini kwa gari ya abiria, akaingia ofisini kwetu anahema.

"Bibi daktari, Maua anazaa tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka, hauendi mbele wala haurudi nyuma."

"Rudi ukamwambie nshaondoka," nikamjibu. "Nitafika kabla yako."

Nilipoipita Bweleo, pikipiki ikaanza kulegea. Nikaongeza mafuta, ikapiga kelele bila ya kwenda. Moshi ukanizunguka. Halafu ikazima. Nikapiga kiki, na kiki ikashuka laini kama nnakanyaga mto wa sufi, hapana kinachoizuia. Nikapiga mpaka paja likatetemeka. Mwisho nikailaza kichakani, nikatia begi begani, nikaenda kwa miguu. Mara nakimbia, mara natembea, jua la saa saba utosini.

Nilimkuta Bi Mize amekaa chini, kichwa cha Maua amekipakata, anakipangusa kwa khanga. Nikanawa, nikapaka sabuni mpaka begani, nikatia mkono. Ndama alikuwa amepinda shingo nyuma. Nikamgeuza kwa taabu, tukamtoa kwa kamba. Alikuwa bado na joto, lakini hakuvuta pumzi. Nilimsugua kifua, nikampuliza puani. Hakuvuta. Maua alipona, na kwa hilo Mwenyezi Mungu alitusitiri.

Bi Mize aliniletea maji ya kunywa. "Pole mwanangu," akanambia. "Umekuja kwa miguu na jua hili kwa ajili ya ng'ombe wangu. Mungu akulipe."

Nami nikasema, "Pikipiki imeniharibikia, Bi Mize. Ndio mambo ya mashine."

Nikayanywa maji yake.

Pikipiki ilirudishwa mjini imepakiwa kwenye gari la ng'ombe. Kesho yake Mzee Shaame akafungua kifuniko cha ubavuni, akakuta kisanduku kitupu. Akatia kidole kwenye mpira unaopeleka hewa kwenye kabureta, akatoka na uji wa kijivu, vumbi lililochanganyika na mafuta. Akanipaka kiganjani.

"Sugua," akanambia.

Nikasugua. Ulikuwa unakwaruza kama msasa.

"Hicho ndicho kilichoila pistoni na ringi. Sponji iko wapi?"

"Nyumbani. Kabatini."

"Ulinambia ushaifua."

"Naam."

"Mara tatu."

"Naam, Fundi."

Akanyoosha waya uliokuwa hauna haja ya kunyooshwa. Nilitamani anipigie kelele, lakini hakupiga. "Ringi nitatia mpya," akasema, "na silinda nitaichonga. Hiyo ni kazi yangu, hainishindi. Lakini yule mama wa Fumba anajua kwa nini ulichelewa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi pikipiki hii haitoki hapa mpaka ajue."

Nililia, mwanangu. Nililia mbele ya mafundi na wateja. Mzee Shaame akanisogezea kikombe chake cha kahawa, akageukia kwengine ili nisione haya.

Siku ya pili nikapanda gari ya abiria hadi Fumba. Bi Mize alikuwa kwenye jamvi uani, anasuka ukili wa mkeka. Nikamwambia yote, tangu sponji hadi uongo. Vidole vyake havikusita hata mara moja, na mimi nikawa navitazama hivyo vidole kwa sababu uso wake siuwezi.

"Alikuwa ndama jike," akasema mwisho.

"Naam, Bi Mize."

"Nilikuwa nshampangia jina." Akasuka kidogo tena. "Ungeninyamazia, ningekuombea dua kila siku kwa jambo usilolifanya. Hilo lingenidhulumu kuliko ndama." Halafu akasogea kwenye jamvi. "Kaa. Nishikie mwisho wa ukili huu. Na Maua akichukua mimba tena, usinijie kwa miguu."

Alichukua tena. Siku alipozaa nilifika mapema hata nikawahi kuchemsha maji, na ndama akatoka mzima, jike. Bi Mize akamwita Zuhura, jina langu hili hili. Watu wa Fumba walinitania miaka: Zuhura amevunja ua, Zuhura amekula mihogo ya watu.

Sasa nisikilize, maana haya nilifundishwa Ijumaa moja baada ya sala, Mzee Shaame amekaa kwenye tairi bovu, mimi na karai mbele yangu. Pikipiki yako ikiwa ni ya lami tupu, chujio la hewa la karatasi litakutosha. Libadilishe likichoka, usilifue. Ukiwa mtu wa maweni na vumbi, chukua la sponji. Unapolinunua libane kwa vidole, liwe linarudi upesi, halafu lijaribu kwenye kisanduku chake. Likiacha uwazi hata wa kupita unywele, mrudishie mwenye duka, kwani vumbi litapita hapo hapo. Lioshe kwa mafuta ya taa, si petroli. Petroli inaila gundi, na inaweza kukuunguza. Halafu lisuuze kwa maji ya sabuni. Libinye tu, usilikamue kama nguo, litachanika. Lianike kivulini. Likikauka kabisa litie oili, libinyebinye mpaka ienee rangi moja, kwa kuwa sponji kavu inapitisha vumbi. Pembezoni paka grisi kidogo. Kila ukifungua, pitisha kitambaa cheupe ndani ya ule mpira wa hewa. Kikitoka cheupe, nenda zako. Kikitoka na vumbi, usiwashe mpaka fundi ameitazama. Na uwe na sponji ya pili iliyokwisha kutiwa oili, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya kiti. Ah, na ukiosha pikipiki, usielekeze mpira wa maji kwenye kisanduku hicho. Hilo nilitaka kulisahau.

Hayo ya mikono. Lililobaki ni hili: fundi wako akikuuliza umefanya, na wewe hujafanya, mwambie sijafanya. Ni neno dogo sana, na linauma kitambo tu. Mimi nililikwepa mara tatu, na aliyeumia ni mnyama asiyenijua na mama aliyeniombea dua. Ukishakosea, nenda kwa miguu yako kwa uliyemkosea, hata kama hajajua. Usingoje mtu akutume kama nilivyotumwa mimi.

Nenda mwanangu, nakupenda. Mola akufungulie njia unazopita, zenye lami na zisizo lami, akukinge na vumbi lake na shari yake, akujaalie watu wa kukwambia ukweli bila ya kukuvunja moyo, akufikishe mapema kila unapongojewa. Amin.