Gitaa Jeusi la Mnadani

Mwaka jana mjukuu wangu aliniomba nimsindikize dukani, Singida mjini, kuchagua gitaa la umeme. Anapiga ule muziki wa kunguruma ambao vijana wanauita metali, na alitaka gitaa la bei nafuu lakini lenye sauti ya kutisha. Mwenye duka akachomeka la kwanza kwenye spika, mtoto akakwaruza nyuzi, ikatoka sauti kama bati linalochanwa. Wateja wengine walisogea mlangoni. Mimi nilivuta kiti nikakaa, maana sauti ile, rafiki yangu, niliijua. Niliisikia kijijini kwetu, upande wa Mungaa, enzi za ujamaa, wakati nguzo ya umeme tulikuwa tunaiona kwenye picha za vitabu vya shule.

Siku hizo nilikuwa mtoto wa kike wa kwenda shule na kurudi kuamia ndege. Uwele ukianza kukomaa, kila nyumba ilipeleka watu shambani alfajiri, na nyumba yetu ilimpeleka baba mdogo pamoja nami. Tulikaa juu ya ulingo wa miti. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele na kurusha madongo. Kazi yake ilikuwa kupiga gitaa alilojitengenezea kwa debe la mafuta na nyaya za breki za baiskeli. Alikuwa akisema ndege wa kwetu wana bahati, kwingine wanafukuzwa kwa mawe, hapa wanafukuzwa kwa muziki. Jua likipanda tulikula kiporo cha ugali wa uwele na mlenda uliokwisha kuganda, kisha akaendelea. Upepo wa kwetu hauna adabu, ulibeba sauti ya debe mpaka kwa jirani, na jirani alituma mtu kuuliza kama tumefiwa.

Lakini alikuwa anajua. Hata jirani alikiri hivyo, siku ambazo hakuwa na kichwa kinachouma. Baba mdogo aliweza kusikia wimbo mara moja kwenye redio, na kesho yake ulingoni ulikuwa wake.

Mjini kulikuwa na bendi ya dansi. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa na ndugu huko, alileta habari kwamba bendi hiyo inatafuta mpiga gitaa la ridhim, ila aje na gitaa lake mwenyewe, la umeme. Alisema pia kwamba siku ya Sabasaba bendi hiyo itakuja kupiga kwenye uwanja wa shule yetu, na kiongozi wao yuko tayari kumsikiliza kijana yeyote. Tangu siku ile baba mdogo alikula kama mgonjwa. Alijua kwamba nafasi ya namna hiyo haiji kijijini mara mbili.

Alichokuwa nacho ni mtamba mmoja, sehemu yake aliyoachiwa na babu. Kila mtu alijua mtamba yule ndiye mwanzo wa mahari. Bibi alimsikiliza akiomba kumwuza, huku akipepeta nafaka, hakuinua macho. Alipomaliza ungo mzima akasema, "Mtamba atazaa. Hicho kidude kitazaa nini?" Ilichukua muda, na kubembeleza kwingi, mpaka bibi akakubali, kwa sharti kwamba aende na kaka yake, yaani baba yangu.

Sharti hilo halikumshangaza mtu. Kwetu mdogo hakuuza mnyama wala kununua kitu kikubwa bila kaka yake. Kaka ndiye anayekagua, anayeuliza bei, anayesema neno la mwisho. Mdogo husimama nyuma yake na mikono imetulia. Akifungua mdomo kupinga, amemvua kaka yake nguo mbele ya watu, na nyumba nzima itasemwa.

Magitaa yenyewe yalikuwa kwenye mnada wa Ihanja. Kulikuwa na fundi redio aliyetandika turubai lake pembeni ya zizi, na kati ya tochi na redio mbovu alikuwa na magitaa mawili yaliyotumika, moja jekundu, moja jeusi. Baba mdogo alikuwa ameshayashika yote mawili katika minada iliyopita, na tukiwa ulingoni alinieleza tofauti yake kwa utaratibu, kana kwamba mimi ndiye mnunuzi. Jekundu lilikuwa na tumbo lenye uwazi, kwa hiyo hata bila umeme lingetoa sauti ya kutosha kujifunzia. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Jeusi lilikuwa gogo tupu, bubu bila mashine, na shingo yake ilikuwa imepinda kidogo, kama ubao mbichi ulioachwa juani.

"Ukifika juu huku," alisema, akinionyesha kwa kidole kwenye debe lake, "linakudanganya. Unabonyeza hapa, linajibu kwingine."

Nikamwuliza kama atamwambia baba. Akacheka. "Kaka ana macho, mama. Ataona."

Na kweli baba alikuwa na macho. Katika kata yetu hakuna aliyemshinda kuchagua ng'ombe. Aliwashika meno, akawabinya mbavu, akawatembeza, na watu walimwita hata kutoka vijiji vingine awachagulie. Siku ya mnada mimi nilikwenda nikiwa nimebeba kuku wa bibi wa kuuza, wamefungwa miguu, vichwa chini. Mtamba aliuzwa mapema. Baba mdogo hakumwangalia akiondoka. Tukaenda kwa fundi.

Baba alisalimia, akachuchumaa. Akainua gitaa moja kila mkono, akayapandisha na kuyashusha kama mtu anayepima majogoo. Akaligonga jekundu kwa kifundo cha kidole, likalia. Akaligonga jeusi, likakaa kimya. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, maana aliuchukulia ule ukimya kuwa ni ushupavu. Akahesabu vitufe vya kuzungusha, na jeusi lilikuwa na vingi zaidi.

"Bei moja?" aliuliza.

"Bei moja, mzee. Chagua unalotaka."

Baba akawageukia watu waliokwisha kukusanyika. "Nyie niambieni. Jogoo mzito na jogoo mwepesi, bei ileile. Nani atambeba mwepesi?" Wakacheka, wakasema huyo atakuwa hajatumwa na mama yake. Nilimtazama baba mdogo. Alikuwa nyuma ya baba, mikono imetulia.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alisita kidogo, akamwuliza, "Na wewe kijana, si ndiye mpigaji? Unasemaje?"

Baba mdogo aliangalia lile jekundu, kisha akaangalia miguu yake.

"Kaka ameshasema," akajibu.

Baba alilibeba gitaa mwenyewe begani njia nzima ya kurudi. Alipunguza mwendo kila tulipokutana na mtu, ili aulizwe.

Umeme hatukuwa nao, lakini kijiji kilikuwa na redio kubwa ya betri, iliyotumika kwa darasa la watu wazima. Fundi alikuwa ametuelekeza namna ya kuunganisha waya, na mwenyekiti wa kijiji akaruhusu gitaa lijaribiwe ofisini kwake. Ofisi ilijaa. Baba mdogo akapiga nyuzi zote kwa pamoja. Ndipo ilipotoka ile sauti niliyokuja kuisikia tena dukani, nikiwa mzee: mngurumo uliochanika, wenye mchanga ndani yake, kwa sababu redio ile haikuumbwa kubeba mzigo kama huo. Watoto walikimbia. Jirani alisema huyo ni fisi aliyemeza debe. Bibi, ambaye alikuja na mkongojo wake kuona alichozaa mtamba, akasema, "Haya, limelia. Sasa mlinyamazishe." Baba peke yake ndiye aliyetabasamu mwanzo hadi mwisho. Kwake, kitu chenye nguvu lazima kingurume.

"Zuri, eh?" alimwuliza mdogo wake.

"Zuri, kaka."

Hawakuturuhusu tena. Betri zilikuwa za darasa, si za dansi. Kwa hiyo baba mdogo alilipeleka ulingoni, akajifunzia hivyo hivyo, bila sauti. Nilikuwa nalaza sikio juu ya ule mti mweusi ili nisikie. Ndani kulikuwa na wimbo mdogo sana, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu. Chini alikuwa anapiga vizuri. Akipanda juu, wimbo ulikuwa unapotea njia. Alijaribu kubadilisha nyuzi, kukaza, kulegeza, kuchomeka kijiti chini ya nyuzi. Alitafuta hata njia za kutopanda juu kabisa. Ndege walikula uwele wetu mwaka ule kuliko miaka yote, na bibi alituambia hivyo.

Siku ya Sabasaba bendi ilikuja na jenereta yao. Uwanja ulijaa, watu wamevaa nguo za sikukuu, nyama inachomwa, pombe ya mtama inazunguka. Kiongozi wa bendi alimwita baba mdogo mchana kweupe, kabla ya dansi, akamchomekea gitaa kwenye spika nzuri. Baba alikuwa mstari wa mbele, na kofia yake ameivua. Baba mdogo alianza chini, na watu wakaanza kutikisa mabega. Kisha wapiga solo wakapandisha wimbo, ikabidi awafuate, na gitaa likaanza kusema uongo. Akasimama. Akaanza tena. Likasema uongo tena.

Kiongozi hakumkaripia. Alisubiri kelele zishuke, akauliza mbele ya wote, "Kijana, tatizo ni gitaa au ni wewe?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Mtoto wa kike wakati ule hakusema katika baraza la wakubwa, na hata ningesema, yeye mwenyewe angenikanusha. Alimtazama baba, aliyekuwa bado ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Ni mimi," alisema. "Bado sijajua."

Bendi ilipiga, watu walicheza, na jioni walipakia vyombo vyao wakaondoka. Hawakurudi tena kijijini kwetu. Tulipoamriwa na serikali kuhamia kwenye mistari ya nyumba mpya, baba alilibeba gitaa begani kama mara ya kwanza, akaliangika ukutani, na mchwa wakalimaliza polepole. Baba mdogo alilima. Alioa amechelewa, kwa mbuzi wa bibi.

Leo mashamba yale ni alizeti, na sijui kama kuna mtoto anayejua kufunga ulingo. Bibi hayupo, zile nyumba zetu za tembe hazipo, hata mahali pa ofisi sikupatambua. Vijana wanawaambia kaka zao wanachotaka mchana kweupe, na nyumba haianguki. Nafurahi. Lakini ile heshima nayo, iliyomfanya mtu ameze maisha yake ili kaka yake asiaibike, sijui nimwombee nani arudishiwe, wala kama inafaa kurudishwa.

Tulimzika baba mdogo miaka michache iliyopita. Baba yuko hai, mzee sana, na siku ya matanga aliwasimulia wageni habari za gitaa. Alisema alimchagulia mdogo wake lililo bora kuliko yote mnadani, kwa mtamba mzima. "Ila vidole," alisema kwa huruma, "Mungu hakumpa." Wazee wakaitikia. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na birika la kunawia. Alinyoosha mikono, nikammiminia maji mpaka yakaisha.